Hesabu za Mwendokasi: Kutoka Darasani hadi Bandari ya Wete

Nilipokuwa kidato cha pili hapa Pemba nilikosa swali moja la hesabu ambalo mpaka leo, baada ya miaka mingi ya kusomesha somo hilo hilo, nalikumbuka kwa tarakimu zake. Gari imetoka Wete kwenda Chake Chake, masafa tuliyoambiwa tuyachukue kuwa kilomita 30, kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa, kisha ikarudi kwa njia ile ile kwa mwendokasi wa kilomita 30 kwa saa. Tukatakiwa tutafute wastani wa mwendokasi kwa safari nzima. Nilijumlisha 60 na 30, nikagawa kwa mbili, nikaandika 45, nikaendelea na swali lililofuata bila ya wasiwasi wowote. Daftari liliporudi, jibu langu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu na pembeni yake pameandikwa 40. Nilimwendea mwalimu wangu, naye akanionesha kanuni, kwamba wastani ni jumla ya masafa ikigawiwa kwa jumla ya muda. Nikaihifadhi kama nilivyohifadhi mambo mengine mengi, lakini sikuelewa zile tano zilizopungua zimekwenda wapi.

Nilikuja kuelewa baada ya miaka kadhaa, nikiwa mwanafunzi wa ualimu niliyerudi nyumbani kwa likizo, na aliyenifanya nielewe ni mjomba wangu, ambaye alikuwa na mashua ya mashine ikipakia abiria na mizigo kati ya bandari ya Wete na visiwa vya jirani. Alikuwa na dukuduku juu ya petroli yake. Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo, alisema, dumu alilotia lilimtosha kwenda na kurudi na mengine yakabaki. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa safari ile ile na mzigo ule ule, dumu lilikauka kabla hajafunga kamba. Wenzake walimwambia kuwa hiyo ni dhana tu, kwa sababu maji yakimsukuma wakati wa kwenda na yakimzuia wakati wa kurudi, faida na hasara zitafutana. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unasoma hesabu. Ikiwa mambo ni sawa kwa sawa, mbona dumu langu halisemi hivyo?"

Nilichukua karatasi, nikamuomba anipe makadirio. Tukakubaliana kuwa mashua yake katika maji yaliyotulia huenda kilomita 10 kwa saa, na kwamba safari ni kilomita 12 kwenda na 12 kurudi. Kama hakuna mkondo wowote, kila upande utachukua saa moja na dakika 12, na safari nzima ni saa 2 na dakika 24. Sasa tia mkondo mwepesi wa kilomita 2 kwa saa. Kwenda, mashua inabebwa na kufikia kilomita 12 kwa saa, kwa hivyo inafika kwa saa moja kamili. Kurudi, inapambana na maji na kubakia na kilomita 8 kwa saa, kwa hivyo inachukua saa moja na nusu. Jumla ni saa 2 na dakika 30. Zimezidi dakika 6. Kisha nikatia mkondo wa bamvua, tukaukadiria kilomita 5 kwa saa. Kwenda ni kilomita 15 kwa saa, yaani dakika 48. Kurudi ni kilomita 5 kwa saa, yaani saa 2 na dakika 24. Jumla ni saa 3 na dakika 12, na mashine hunywa petroli kwa muda inaounguruma na si kwa kilomita inazopita. Dumu la mjomba lilikuwa linasema kweli.

Nilipoyatazama yale mahesabu ndipo nilipoliona kosa langu la kidato cha pili. Maji yanapokuchukua, yanakuchukua kwa muda mfupi, kwa sababu unafika haraka. Yanapokuzuia, yanakuzuia kwa muda mrefu, kwa sababu yenyewe ndiyo yanayokuchelewesha. Msaada unaupata kwa dakika 48 na mateso unayapata kwa saa mbili na zaidi, basi vipi vitu viwili hivyo vifutane? Na ile gari ya Wete na Chake Chake ilikuwa vivyo hivyo: ilikwenda kwa spidi ya 60 kwa nusu saa tu, na ikaenda kwa spidi ya 30 kwa saa nzima. Safari nzima ni kilomita 60 kwa saa moja na nusu, sawa na kilomita 40 kwa saa. Dereva alikaa barabarani kwa mwendo wa taratibu mara mbili ya alivyokaa kwa mwendo wa kasi, ndiyo maana wastani umeelemea upande wa 30. Lau swali lingesema kwamba gari imekwenda saa moja kwa 60 na saa moja kwa 30, jibu langu la 45 lingekuwa sahihi kabisa, kwa kuwa kila spidi ingekuwa imepewa muda ulio sawa na mwenziwe.

Tangu siku ile, swali la kwanza ninalomfundisha mwanafunzi kujiuliza ni hili: muda huu ni wa nani? Spidi mbili haziwezi kujumlishwa na kugawiwa kwa mbili isipokuwa zimetumika kwa muda sawa. Nimeona wanafunzi wengi, na walimu pia, wanaoanza na ile pembetatu maarufu, masafa juu, mwendokasi na muda chini, ambayo mtu huziba kwa kidole kile anachokitafuta. Mimi siipendi, na nasema hivi baada ya kuitumia kwa miaka. Inafaa kwa msafiri mmoja mwenye mwendo mmoja, lakini maswali yanayowaangusha watoto wetu katika mtihani yana wasafiri wawili, au msafiri mmoja aliyebadilisha mwendo, na mwanafunzi aliyezoea kuziba kwa kidole huchukua masafa ya huyu akayagawa kwa spidi ya yule. Badala yake nawachorea jedwali la safu tatu, masafa, mwendokasi na muda, na mstari mmoja kwa kila kipande cha safari. Kila mstari unajitegemea, na ndani ya mstari masafa ni mwendokasi mara muda. Baina ya mistari kinachoruhusiwa kujumlishwa ni masafa na masafa, muda na muda. Safu ya mwendokasi haijumlishwi kwenda chini, na hapo chini yake napaka chaki nene ili pasiandikwe kitu mpaka mwisho.

Mwaka mmoja niliwapa darasa langu swali ambalo sikuwaambia kuwa lina mtego. Gari imekwenda kilomita 30 kwa mwendokasi wa kilomita 30 kwa saa. Irudi kwa spidi gani ili wastani wa safari nzima uwe kilomita 60 kwa saa? Takriban wote walisema 90, kwa sababu 30 na 90 zikigawiwa kwa mbili zinatoa 60. Nikawaambia waingize 90 katika jedwali: kurudi ni dakika 20, jumla ni kilomita 60 kwa saa moja na dakika 20, sawa na kilomita 45 kwa saa. Wakapandisha hadi 120, wakapata 48. Wakapandisha hadi 300, ambayo hakuna gari ya hapa iliyopata kuifikia, wakapata chini kidogo ya 55. Somo lilikuwa linakaribia kumalizika na sauti zilikuwa juu, mpaka kijana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akasimama akasema: "Mwalimu, hawezi. Saa yake imekwisha." Alikuwa ameona kwamba kilomita 60 kwa wastani wa 60 zinahitaji saa moja tu, na saa hiyo moja dereva ameshaimaliza katika kwenda, hata akirudi kwa kufumba na kufumbua hatopata. Nilimuomba aje ubaoni awaeleze wenzake, na alivyoeleza yeye kulikuwa kuzuri kuliko nilivyokuwa nimetayarisha mimi.

Jambo ambalo sikuwahi kulikuta limeelezwa katika kitabu chochote cha skuli nilichosomea, na ambalo kwetu lina uzito mkubwa, ni saa yetu. Sisi tunahesabu saa kuanzia kuchwa na kuchomoza kwa jua, ilhali tiketi za boti na maswali ya mtihani huandikwa kwa saa 24. Mtoto husoma 07:00, na kichwani mwake ni saa moja asubuhi. Hilo peke yake si tatizo, kwani tafauti baina ya saa mbili za aina moja haibadiliki ukizihesabu kwa utaratibu huu au ule. Tatizo huja anapochukua saa ya kuondoka kwa utaratibu mmoja na ya kuwasili kwa utaratibu mwengine, akapata muda uliozidi au kupungua saa sita. Nawafundisha wachague utaratibu mmoja kabla ya kuanza, na wauchague kwa akili. Meli imeondoka Unguja 22:15 ikafika Pemba 05:10 siku ya pili. Kwa saa 24 inabidi uvuke usiku wa manane, uongeze 24 juu ya 5 ndipo utoe. Kwa saa yetu, meli imeondoka saa 4:15 usiku na kufika saa 11:10 alfajiri, na unatoa moja kwa moja: saa 6 na dakika 55. Kinyume chake, mtu aliyeondoka 05:20 na kufika 08:05 ni mwepesi kwa saa 24, muda wake ni saa 2 na dakika 45, lakini kwa saa yetu ametoka saa 11:20 alfajiri akafika saa 2:05 asubuhi, na katikati ameivuka saa 12. Saa yetu inavunjika alfajiri na magharibi, ile nyengine inavunjika usiku wa manane. Mwanafunzi anayezijua zote mbili ana uhuru wa kutumia ile isiyovunjika ndani ya safari yake, na huo ni utajiri ambao tumekuwa tukiufanya kuwa aibu.

Ndani ya mada hiyo hiyo kuna kosa la kukopa. Ukitoa 4:15 katika 11:10, dakika 10 hazitoshi, basi unakopa saa moja, na saa moja ni dakika 60. Wapo wanaokopa 100 kwa mazoea ya namba za kawaida, wakapata saa 6 na dakika 95, na hawashtuki. Kosa linalofuatana nalo ni kuandika saa 6 na dakika 55 kuwa ni 6.55 kisha kugawia masafa. Dakika 55 ni sehemu 55 kati ya 60 za saa, kiasi cha 0.92, na dakika 30 ni 0.5, si 0.30. Nikisahihisha mitihani, naona alama nyingi zaidi zinapotea hapa kuliko katika kanuni yenyewe ya mwendokasi.

Ubadilishaji wa vipimo naupitia kwa haraka zaidi, kwa sababu ukieleweka mara moja unabaki. Kilomita moja ni mita 1,000 na saa moja ni sekunde 3,600, kwa hivyo kilomita 36 kwa saa ni mita 36,000 katika sekunde 3,600, yaani mita 10 kwa sekunde. Ukitoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde unagawa kwa 3.6. Watoto wa mabaharia wanakuja na kipimo chao pia, noti, ambayo ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852. Boti inayokwenda noti 25 inakwenda kilomita 46.3 kwa saa. Huwa nawaachia wafanye hesabu hiyo kabla sijawaambia, kwa sababu wengi wanadhani noti ni kilomita.

Maswali ya magari mawili yanayokutana yanakuwa mepesi mtu akishika lile swali la muda ni wa nani. Gari moja imetoka Wete saa 1:00 asubuhi na nyengine imetoka Chake Chake saa 1:15, zote kwa kilomita 40 kwa saa, na masafa ni kilomita 30. Anayezijumlisha spidi tokea mwanzo akapata 80, akagawa 30 kwa 80, amezipa gari zote mbili muda mmoja ilhali ya Wete imetangulia robo saa. Katika robo saa hiyo imeshakwenda kilomita 10. Zimebaki 20, na kuanzia saa 1:15 gari zote mbili zina saa moja inayokwenda pamoja. Kutoka hapo unaruhusiwa kusema zinakaribiana kwa kilomita 80 kwa saa, nazo zitakutana baada ya robo saa nyengine, saa 1:30, kilomita 20 kutoka Wete.

Kuhusu maswali ya gari moshi, hayo yanawasumbua watoto wa visiwani kwa sababu ya wazi, kwamba hawajaliona. Unguja ilipata kuwa na reli, iliyofunguliwa mwaka 1905 kutoka mjini hadi Bububu, masafa ya maili saba hivi, lakini iling'olewa zamani na hata wazee wa leo hawakuipanda. Mwanafunzi akiambiwa kuwa gari moshi la mita 90 linapita daraja la mita 30, hugawa 30 kwa spidi, kwani hufikiria kitu kidogo kama nukta kinachovuka. Mimi nimeliacha gari moshi, nikachukua zafa ya Maulidi. Zafa yenye urefu wa mita 90 inapita mbele ya ukuta wa msikiti wenye mita 30, watu wakitembea mita moja kwa sekunde. Tokea mwenye bendera wa mbele alipogusa mwanzo wa ukuta mpaka mtoto wa mwisho alipouacha mwisho wake, zimepita sekunde ngapi? Hakuna anayejibu 30, kwa kuwa kila mmoja amewahi kuwa mtoto wa mwisho. Yule mtoto ana mita 90 za kufika alipo mwenye bendera na mita 30 za ukuta wenyewe, jumla 120, sawa na dakika mbili. Nikirudi kwenye gari moshi baada ya hapo, swali huwa limeshajibiwa.

Lipo pia tatizo la lugha, ambalo nalitaja kwa sababu limewaumiza wengi ninaowajua. Hisabati ya sekondari inasomeshwa kwa Kiingereza, na neno moja la lugha hiyo, "long" katika "how long", huulizia urefu wa kitu na urefu wa wakati. Nimesahihisha majibu ya wanafunzi waliofanya kazi nzuri, wakaandika kilomita mahali palipotakiwa dakika, kwa sababu neno lile walilifasiri kuwa masafa. Siku hizi kabla hatujagusa namba nawataka wanisimulie swali kwa Kiswahili, nani ametoka wapi, lini, kwa mwendo gani, na kinachotafutwa ni nini. Anayeweza kusimulia, jedwali lake hujazika lenyewe.

Mjomba hakuridhika na karatasi yangu moja. Nilipokwisha kuajiriwa na kurudi Wete aliniambia kwamba hesabu ile imekosa jambo, kwa kuwa mkondo haukai na nguvu moja. Alikuwa sahihi. Maji hujaa kwa kiasi cha saa sita na kupwa kwa kiasi cha saa sita, na mabaharia wana makadirio yao kwamba katika saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya 12, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili na ya sita moja; ndiyo maana mkondo huwa mkali katikati na kulegea mwishoni. Nililipeleka swali lake darasani. Wanafunzi waliikata safari ya kwenda, ile ya kilomita 12, katika vipande vya nusu saa: nusu saa ya kwanza mkondo wa kilomita 4 kwa saa ukiisukuma mashua, kwa hivyo spidi ni 14 na masafa ni kilomita 7, zilizobaki ni kilomita 5, na mkondo umelegea kuwa 2, kwa hivyo spidi ni 12 na muda ni dakika 25. Jumla ni dakika 55.

Wawili kati yao walipanda mashua ya mjomba Jumamosi moja, maji yakipwa, wakapima kwa simu tangu kamba ilipofunguliwa. Walipata dakika 58. Jumatatu darasa zima lilitaka kujua dakika tatu zimekwenda wapi, na wengine walianza kuulaumu mkondo tuliokadiria. Msichana mmoja ambaye nyumba yao inatazama bandari alisema kuwa mashua haianzi na mashine; kwanza inasukumwa kwa upondo mpaka ifike kwenye kina, na hapo ndipo mashine inaposhushwa. Alikuja ubaoni, akaongeza mstari juu ya ile miwili, akaandika "upondo", na safu zake tatu akaziacha tupu mpaka atakapokwenda kupima.